Cherehani Niliyoingojesha Uhuru

Mwaka ule tulipokuwa tukiungoja Uhuru niliamini, kwa akili zangu zote na cheti juu yake, kwamba bendera ikishapanda kila mtu atapeleka kitu chake kibovu Bomani na kurudi na kipya cha aina ile ile. Sufuria kwa sufuria, baiskeli kwa baiskeli. Mzee mmoja wa Igogo, mtaa wetu pale Mwanza, aliuliza kama goti lake la kushoto litapokelewa. Sharti lilikuwa moja tu: kitu kiwe kibovu hasa. Chenye kiraka kitahesabiwa kizima, na mwenyewe ataondoka nacho akiwa na aibu yake.

Habari hizi nilizipata kwa kinyozi, aliyezipata kwa utingo wa basi la Shinyanga, na utingo yule alikuwa amevaa viatu. Ungetaka ushahidi gani zaidi?

Lakini niseme cheti changu kilitoka wapi. Mchana nilikuwa nikibeba marobota ya pamba kinuni, kila moja zito kama kiboko aliyeshiba, na jioni nikisoma shule ya watu wazima. Nilipofaulu, nadhani ziwa zima lilisikia. Nikapewa kazi ya mwalimu msaidizi katika shule moja pale Igogo: darasa la kwanza, la pili, na kipindi cha kazi za mikono cha darasa la nne siku ya Ijumaa. Kipindi hicho sikukipenda. Mtu aliyetoka kwenye marobota hataki tena mikono yake inuke mafuta.

Kwa bahati, kazi yenyewe ilifanywa na fundi mmoja kutoka Mabatini, mtengeneza taa, majiko na baiskeli, ambaye mwalimu mkuu alimwomba aje kufundisha. Alikuwa na namna yake. Mtoto haruhusiwi kufungua kitu kabla hajakiuliza maswali. Kilifanya kazi mara ya mwisho lini? Nani alikishika? Kinalia wapi? Watoto walilaza masikio juu ya jiko la mafuta ya taa kama waganga. Halafu kila skrubu iliyotoka ililazwa juu ya kitambaa kwa mpangilio wake, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia, ili njia ya kurudi isipotee. Mtoto wa darasa la nne aliweza kufungua taa ya karabai na kuifunga bila kubakiza hata nati moja. Mimi mwalimu wao nilibakiza tatu, nikazitia mfukoni kimya.

Nyumbani nilikuwa na shangazi, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa na cherehani ya mkono. Kaptula zote za shule yetu zilitoka kwenye cherehani ile, na hata ile suruali niliyoendea mtihani. Miezi michache kabla ya Uhuru ikagoma: mkono unazunguka, sindano imesimama kama bwana shamba kwenye mkutano wa walevi. Shangazi akaniambia niipeleke shule Ijumaa.

Fundi aliinamisha sikio, akazungusha mara moja.

"Pini ya ndani imekatika," akasema. "Kipande cha spoku ya baiskeli kinatosha. Nawaachia watoto wafanye wenyewe, mimi nitasimamia."

"Fundi, usiiguse," nikasema.

"Kwa nini, mwalimu?"

Nikamweleza habari za Bomani, mbele ya darasa zima, kwa sauti ya cheti. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa.

"Na wewe umesoma?"

"Nimesoma, ndiyo maana najua."

"Haya. Mimi sijasoma. Mimi najua spoku."

Watoto wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Ijumaa iliyofuata niliwaamuru waziache taa za nyumbani kwao kama zilivyo, na zile zilizokwisha kuzibwa tukazifumua viraka. Naam, tulifumua! Kazi ya mwezi mzima ya kulehemu kwa risasi na koleo tuliibandua kwa alasiri moja. Fundi alisimama mlangoni na mfuko wake wa vyombo, asiingie. Akanipa mkono, akaniambia, "Kwaheri, mwalimu," na hakurudi tena. Mwalimu mkuu aliponiuliza, nikamjibu kwamba somo limepitwa na wakati. Akaandika hesabu za kichwa mahali pake kwenye ratiba.

Cherehani nikairudisha nyumbani, ikakaa pembeni, chini ya bati linalovuja. Shangazi alikuwa akiniuliza kila wiki, kwa upole, "Baba, ile mashine vipi?"

"Vumilia, shangazi. Utapata yenye miguu, ya kukanyaga."

Zikaja siku za matayarisho. Mwanza nzima ilitaka nguo mpya. Shule yetu peke yake ilihitaji kaptula na gauni za gwaride, na mwalimu mkuu, aliyejua mikono ya shangazi, alikuja mwenyewe hadi mlangoni. Shangazi akamwonyesha cherehani. Yule akasikitika, akapeleka kitambaa kwa mshonaji mwingine mjini. Nawaambia, wateja ni kama dagaa: wakishahamia taa ya mvuvi mwingine, huwaoni tena.

Uhuru ukaja. Nilicheza ngoma mpaka nyayo zikatoa moshi. Boma lilipofunguliwa baada ya sikukuu nikaifunga cherehani nyuma ya baiskeli, nikaenda.

Karani hakuinua kichwa. "Shida gani?"

"Nimeleta cherehani."

"Ya nani?"

"Ya shangazi."

"Anayehusika hayupo. Njoo wiki ijayo."

Mnaona? Hakusema hakuna. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Nikaenda wiki iliyofuata, na nyingine, na kila mara anayehusika hakuwepo. Mara ya nne nikapitia Mabatini, moyo ukiwa umeanza kulegea. Fundi aliitikia shikamoo yangu kana kwamba hakuna lililotokea. Akatandika kitambaa, akafungua skrubu ya kwanza. Ya pili ilikatikia ndani. Alipoinua kifuniko, vyuma vilikuwa vimeshikana, vyekundu kama udongo wa kichuguu.

"Pini ningeweza," akasema. "Hii, mvua imekwisha kuila."

Nilimkuta shangazi akifunga mizigo. Alikuwa anakwenda Ukerewe kwa ndugu zake, kulima muhogo, kwa mikono ile iliyozoea sindano. Nikamwambia asiondoke, kwamba orodha ya Bomani bado inaandikwa, kwamba anayehusika akirudi tu, sisi ndio wa kwanza.

Hakunigombeza. Nimeyakumbuka maneno yake katika kila darasa nililosimama baadaye, na nilipojaribu mara mbili kulirudisha somo la Ijumaa, sikupata fundi wala mwalimu mkuu wa kunisikiliza. Shangazi alikaza fundo la kamba kwa goti, akasema:

"Baba, hakuna orodha. Hakuna aliyeahidi. Mashine ilikuwa yangu, fundi alikuwepo, na wewe ndiye uliyemkataza."