Sola Isiyo na Msumari

Shemeji mtu alikuwa keshapanda ngazi, drili mkononi, anatafuta pa kutoboa bati. Mama Pindo, fundi cherehani, akasimama chini, mikono kiunoni.

"Shuka."

"Nishuke vipi, shemeji? Paneli zinakaa juu ya paa, dunia nzima."

"Hiyo dunia nzima imejenga. Mimi nimepanga. Shuka!"

Sababu mtaa mzima unaijua. Chumba alichoshonea zamani alikipigia meza ya kukatia, nzuri, imekamatana na ukuta. Siku ya kuhama, mwenye nyumba yule akamwambia kilichofungwa kwenye nyumba ni cha nyumba. Mama Pindo akatoka na cherehani kichwani, machozi ya hasira yanamtiririka, meza ikabaki. Akaapa hafungi tena kitu kwenye nyumba ya mtu. Na hizi paneli ndizo zinazoendesha overloki yake, mashine ya kuziba kingo za nguo. Zikienda, kazi imekwenda.

"Basi tuchimbie nguzo uani, tumwage zege," shemeji akasema.

"Halafu siku ya kuhama niling'oe kwa meno?"

"Sasa tuzitundike hewani?"

"Nitengenezee fremu kama kitanda. Ikae chini kwa miguu yake. Bolti tupu, usichomelee hata kidogo."

"Upepo ukija kitanda chako tutakikuta kwa jirani."

"Ndiyo maana dada yangu kaolewa na fundi. Fikiri!"

Shemeji akacheka, akafikiri. Fremu akailaza chini chini ili upepo usipate pa kuingilia. Miguuni akafunga madumu ya mafuta ya kula, wakayashindilia mchanga waliochota palepale uani. Upepo wa kwanza uling'oa bati la choo cha jirani. Kitanda kikatulia tuli, utadhani kinalaliwa.

Overloki ikawa inaunguruma kutwa. Mwenye nyumba wa sasa akausikia mngurumo, akaja na fimbo yake, anatabasamu.

"Hii sola nimeipenda, mwanangu. Ila ukumbuke, kilichofungwa kwenye nyumba ni cha nyumba."

"Nioneshe kilipofungwa, mzee."

Mzee akazunguka. Akainama, akachungulia chini, akapapasa miguu ya fremu, akagonga ukuta kwa fimbo. Msumari hakuna. Wateja waliokuwa wakisubiri nguo kwenye benchi wakaanza kubinyana. Mwisho akaushika waya.

"Huu je? Si unaingia dirishani kwangu?"

"Na mimi naingia mlangoni kwako. Ndiyo nimekuwa mali yako?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee akavimba.

"Mwisho wa mwezi uhame!"

"Mwisho wa mwezi mbali, mzee. Shemeji! Njoo na spana!"

Anakwenda wapi? Hata yeye hakujua. Alijua anakwenda na nini. Bolti zikafunguka moja moja, vyuma vikafungwa mafungu, cherehani na overloki zikapakiwa kwenye mkokoteni, na paneli katikati ya vitambaa ili zisigongane. Yakabaki madumu. Shemeji akaanza kuyaburuta, mishipa imemtoka shingoni.

"Acha," Mama Pindo akasema.

Akalifungua la kwanza, akalipindua mbele ya mlango, mchanga ukamwagika. Akapindua la pili. Kila moja akaligonga makalio mpaka chembe ya mwisho itoke.

"Mchanga ni wako, mzee. Nisije nikaitwa mwizi."

Akayatunga madumu matupu kwenye kamba, akayabeba mgongoni, akashika mpini wa mkokoteni.