Ukiitwa Magofuni, Usiitike

Miaka yote aliyowapandisha wageni magofuni, hakuna safari ambayo Eusebia hakuogopa. Kijijini walidhani ameshazoea. Wapi! Alipanda kwa sababu mumewe alivunjika goti na watoto walitaka kula, basi.

Siku hiyo alikuwa na wageni wawili, Facundo na dada yake Rocío, Waargentina waliokuwa wakizunguka Peru na mabegi mgongoni. Mabegi makubwa waliyaacha kwake, wakabeba maji, jibini na mahindi ya kuchemsha, maana ilikuwa safari ya kwenda na kurudi. Chini ya ngazi za mawe Eusebia alichagua majani matatu ya koka yasiyo na tundu, akayapulizia kuelekea kileleni na kuyafukia chini ya jiwe. Kisha akatoa sharti.

"Kule juu ukungu ukitanda, mkasikia mnaitwa kwa jina, msiitike. Hata sauti iwe ya mama yenu mzazi."

"Anayeita ni nani?" Rocío akauliza.

"Wenye nyumba."

Facundo akacheka. "Sasa mama, hao wenye nyumba jina langu wamelijuaje? Wamesoma pasipoti?"

"Cheka tu, kijana. Mjomba wangu Toribio naye alikuwa na maneno kama wewe."

Toribio aliitika. Akarudi nyumbani mzima, lakini tangu siku hiyo akawa anakauka kidogo kidogo, na viazi vilipovunwa alikuwa kaburini. Eusebia alisimulia hayo bila kuyapamba. Facundo hakucheka tena.

Walifika jua likiwaka. Facundo akashuka na kamera yake hadi matuta ya chini, yale yanayoishia kwenye genge, na hapo ndipo ukungu ulipopanda kutoka bondeni, mweupe pe, ukafunika kila kitu. Eusebia hakuona hata viatu vyake.

"Facundo!"

Kimya. Rocío naye akaita, akaita tena, mpaka sauti ikamkauka, akaanza kulia. Eusebia akamkalisha kwenye mlango wa mawe na kumkataza kubanduka. Hatua moja tu ya kukosea, na yule kijana angeishia mtoni, chini ya genge. Halafu ikamjia akilini: aliyemfunga mdomo ni yeye mwenyewe. Facundo anasikia, na haitiki kwa sababu kaambiwa asiitike.

"Eusebia!"

Sauti ya mwanamume, upande wa kushoto, taratibu. Ni kijana? Bila shaka ni kijana. Akiogopa kuitika, si anaweza kuita? Na kama siye? Alisimama akitetemeka, akiona aibu kwa kutetemeka. Sauti ikaita tena.

"Naam! Naja!" akapiga kelele. "Naja, mwanangu, usisogee!"

Alitambaa akipapasa mawe, akiifuata ile sauti, hadi mkono wake ukashika kiatu. Facundo alikuwa amechuchumaa, mgongo ukutani, viganja vyote viwili mdomoni. Mbele ya vidole vya miguu yake hapakuwa na ardhi. Eusebia akamkamata ukosi na kumvuta juu kwa nguvu zote.

"Mjinga we! Hukusikia tukikuita?"

"Nilisikia, mama. Si ulisema tusiitike?"

Eusebia akamkumbatia, huku machozi yakimtoka. "Haya, yameisha. Ulifanya la maana kuniita."

Kijana akamtazama, hakuelewa.

"Mimi sijamwita mtu. Tangu ukungu uingie sijafungua mdomo."

Upepo ulivuma kidogo juu ya matuta. Eusebia alimshika mkono bila kumwachia, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi? Ulinisikia nikisema nini?"

"Ulisema naam," Facundo akajibu. "Kwa nguvu kabisa."

Eusebia alikuwa na watoto wanne nyumbani, na yule mdogo alikuwa bado ananyonya.