Turid, sauti ya walimu walio peke yao

Saa mbili asubuhi ya majira ya baridi, Bodø, mji wa kaskazini mwa Norwe, bado ni giza. Turid Hegstad anasogeza kikombe chake cha kahawa na kupokea simu ya msaada ya chama cha walimu wa sayansi.

"Mama, nimekuta chupa ya zamani kabatini mwa maabara. Kifuniko kimeota chengachenga za njano," anasema Jostein, mwalimu wa kisiwa kimoja cha kaskazini.

"Umeigusa?"

"Bado. Nilitaka kuifungua ninuse."

"Nisikilize. Usiiguse kabisa. Toa watoto, funga mlango, wapigie polisi. Kemikali hiyo ikikauka hulipuka."



"Mimi ni mwalimu wa michezo tu," Jostein anasema. "Wa kemia alihama, nikaambiwa nishike nafasi yake."

Turid, 57, hukaa kwenye simu hii siku tatu kwa wiki. Anasema zaidi ya nusu ya wanaopiga sasa hawakuisomea kemia.

Yeye aliifundisha miaka ishirini na miwili. Miaka tisa iliyopita, akionyesha darasani rangi za miali ya moto, aliongeza spiriti bakulini akidhani moto umezimika. Ukaruka hadi dawati la mbele. Mwanafunzi wake, Ingvild, akaungua shingo na mkono.

"Watu husema ilikuwa ajali. Chupa niliishika mimi," anasema.

Alipoacha kazi, hakuna mwenzake wa shuleni aliyebisha hodi. Aliyekuja ni katibu wa chama, Oddvar, baada ya safari ya saa saba kwa basi.

"Alinioshea vyombo kwanza. Kisha akasema, 'Haya, nieleze ulivyofanya, hatua kwa hatua.' Nilikuwa sijamwambia mtu."

Maelezo hayo yakawa onyo kwa wanachama wote, na Turid akaombwa kupokea simu.

Lakini chama kinadhoofika. Wanachama 900 wamebaki 310, na kuanzia Agosti simu itapokewa Jumanne tu.

"Chupa haijui Jumanne," anasema, bila kucheka.

Turid amemwandikia Ingvild mara mbili. Hajajibiwa. "Ana haki ya kutojibu," anasema.

Kabla ya Agosti anapanga kuendesha gari lake shule hadi shule, akague makabati. Shule kumi na tisa zimekubali.

"Nataka walimu wanione uso," anasema. "Mtu anayekujua haoni aibu kukuuliza kabla hajawasha kiberiti."