Kasoro ya Paka Niliyomficha Shangazi

Paka niliyempelekea shangazi yangu kule Mwandoya ana kisukari, na sikumwambia.

Ugonjwa ulianza kuonekana kwenye maji. Nyumbani kwangu Bariadi alikuwa akimaliza bakuli lake, kisha anapanda kwenye ndoo ya kufulia. Alikula vizuri, lakini mgongo ulizidi kubaki mifupa. Daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe, alimtoboa sikio akapima damu kwa kipimo cha binadamu, akarudia mara ya pili.

"Sukari," alisema. "Sindano asubuhi na jioni, maisha yake yote. Usipomchoma atakwisha polepole."

Nilimchoma siku nne. Hakunikwaruza hata mara moja. Siku ya tano nilisafiri kikazi Maswa. Niliporudi alinipokea mlangoni, miguu ya nyuma ikiyumba. Hapo nilipaswa kuamua: nimtibu kila siku, au nimwombe daktari ampumzishe kabisa. Sikuamua. Nilikumbuka tu kwamba shangazi analalamikia panya kwenye stoo ya mahindi, nikamtia paka kwenye tenga la kuku.

Kwetu, ukimkabidhi mtu ng'ombe akutunzie, unataja kasoro zake mbele ya watu: huyu anapiga teke, yule aliwahi kutupa mimba. Shangazi alimwinua paka mbele ya majirani kama anayekagua mtamba.

"Haya mwanangu, taja kasoro. Isije ikawa umeniletea mwizi wa mboga."

"Anapenda maziwa tu," nilisema.

"Basi huyo ni Msukuma kamili!" alidakia jirani mmoja. Wakacheka, nami nikacheka nao. Njiani kurudi nilijiambia kwamba paka si ng'ombe.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia.

"Paka wako anakunywa maji kama ndama wa kiangazi. Nimemwongezea maziwa, si ulisema anayapenda? Lakini anazidi kukonda. Mwanangu, nimemkosea wapi?"

"Hujamkosea, shangazi. Nakuja Jumamosi."

Jumamosi ilikuwa juzi. Chupa ya dawa bado iko kwenye friji yangu, imepungua kiasi cha siku nne tu, na shangazi bado anampa maziwa.