Ndizi ya Tembo

Tulikuwa mimi, mdogo wangu Atu, na baba mdogo aliyetuchukua baada ya kuzika wazazi. Juzi niliona bembea za watoto Mlandege, nikaikumbuka alasiri ile baba mdogo alipotupeleka kwenye uwanja wa michezo ya watoto Mwanjelwa.

Alituahidi tembo. Atu akabeba ndizi, kwani kwetu huendi ugenini mikono mitupu. Ukuta wa uwanja ulichorwa mbuga ya Ruaha, lakini mbele yake watoto walizungushwa ndani ya bembea zenye umbo la vikombe vikubwa vya chai.

"Tembo yuko wapi, baba?" Atu aliuliza.

"Kalala nyuma ya ukuta. Humsikii anavyokoroma? Lete nimpelekee."

Tulisikia ngurumo, tukaamini. Leo najua lilikuwa jenereta.

Alirudi akijifuta mdomo. "Kashukuru sana!"

Atu alirukaruka. Mimi nilisikia harufu ya ndizi kwa baba mdogo. Jioni nilimwahidi Atu nitampeleka Ruaha. Bado ananidai tembo.