Unga wa Usingizi wa Bi Pindo

Mtaa mzima humwita shangazi yangu Bi Pindo, na jina hilo amelipata kwa haki. Anashona sare za shule. Mafundi wengine hubana kitambaa wanapokata sketi ya mtoto. Yeye huacha pindo pana kama kiganja, ili mtoto akirefuka mama yake alifumue na sketi iendelee kuvaliwa. "Huyu unayemwona leo mwakani hatakuwa huyu," husema, pini akiwa amezibana mdomoni, na wazazi hucheka na kurudi tena.

Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Kina cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa mikwaruzo ya mkasi, pasi, na rundo la vipande vya kitambaa cha buluu kwenye kona. Cherehani ya pili ni ya mama yangu, wifi yake, anayetia vifungo. Wamefanya kazi pamoja tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kuwasikia wakizungumza bila kuchokozana.

Shule zinapokaribia kufunguliwa, Shangazi halali. Mwili unakuwa kitandani, lakini kichwani bado anakata nguo. Kwa hiyo mteja mmoja alipomletea kopo la unga wa ashwagandha, alilipokea kwa mikono miwili. Ni unga wa mzizi, wa rangi ya vumbi la mbao, wenye harufu ya zizi. Mteja alimweleza kwamba Wahindi, katika tiba yao ya kale ya Ayurveda, wameutumia vizazi na vizazi kwa watu waliochoka, wasiopata usingizi, wenye mawazo mengi. Hakumdanganya. Shangazi aliukoroga kwenye maziwa ya moto akalala, na haikupita wiki akawa anaimba kwenye cherehani.

Sasa, Shangazi hawezi kukaa na kitu kizuri peke yake. Alitafuta makopo mengine akaanza kuwagawia wateja. Na kwa kuwa ni fundi nguo, akawapima. Alivua futi shingoni, akamzungushia mtu kiunoni, kisha akachota unga kwa kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni ili sindano isimchome. Mwembamba alipata kastabini moja ya kila siku. Mnene alipata mbili, hata tatu. Halafu, kwa mazoea ya mkono, aliongeza kidogo juu.

"Na hii ya mshono," alisema.

Watu walicheka. Walifungiwa unga wao kwenye vipande vya kitambaa cha buluu, wakaenda nao majumbani.

Mama peke yake alikataa. "Wifi, mimi nalala kama gogo. Nikinywa na huo mtanizika."

"Basi kunywa labda utaamka na akili."

"Akili niliiacha kwetu siku nilipokubali kuolewa kwenu."

Mimi nilikuwa chuoni. Nilirudi siku mama aliponipigia simu kusema Shangazi hali chakula. Nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, miguu imetulia. Aliinua uso, nami nikasahau kumwamkia. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka njano, njano kabisa, kama ganda la limau. Alikuwa akijikuna mikono kwa rula ya mbao. Mama alininong'oneza kwamba mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi.

"Unaniangalia kama umeona mzimu," Shangazi alisema.

"Shikamoo, Shangazi. Twende hospitali."

"Nina sare za watoto hapa!"

"Twende."

Alilazwa siku hiyo hiyo. Daktari, msichana wa rika langu mwenye macho ya usingizi, alikuja na majibu akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, ini lako limeumia vibaya. Tumepima virusi vyote vinavyoleta homa ya ini, hatujaona kitu. Unatumia pombe?"

"Pombe! Mimi?"

"Daktari," mama alidakia, "huyu akinusa spiriti tu anapepesuka."

"Na dawa? Dawa yoyote, hata ya kienyeji?"

"Situmii dawa yoyote, mwanangu. Hata ya kichwa. Sipendi makemikali."

Daktari aliuliza tena kwa namna nyingine. Shangazi akajibu vilevile, na mama akaitikia kwa kichwa. Daktari alituambia waziwazi kwamba bila kujua kinachoshambulia ini hawezi kukizuia, na kwamba ini likiendelea kuharibika namna ile, Shangazi anaweza kufa. Nilitazama nyuso za wale wanawake wawili. Hakuna aliyekuwa akificha kitu. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo: mtu anaulizwa swali ambalo uhai wake umo ndani yake, anajibu kwa moyo safi, na jibu si kweli.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia dada yangu, mjamzito wa miezi saba, akihema kwa ngazi, chupa ya maziwa ya moto mkononi.

"Pole, Shangazi. Nimekuletea maziwa, na unga wako nimeuweka humo humo. Wangu nimeshakunywa asubuhi."

Daktari aligeuka polepole. "Unga gani?"

"Wa usingizi," alisema dada. "Ashwagandha. Mgongo ulikuwa haunipi raha, Shangazi akanianzishia."

"Unakunywa kiasi gani?"

"Inategemea. Kila nikija ananipima."

"Anakupimaje?"

Dada akaonyesha, akipitisha kidole kuzunguka tumbo lake. "Kwa futi."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilishika chuma cha kitanda. Kadiri mimba ilivyokua, futi ilisoma zaidi. Kadiri futi ilivyosoma zaidi, kastabini ziliongezeka. Na juu yake, kila mara, ile ya mshono.

"Lakini ni mzizi tu," alisema Shangazi. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ni kitu cha asili."

Asili! Laiti ningeweza kulifuta neno hilo kwenye kila kopo linalouzwa duniani. Uyoga unaoua ni wa asili. Sumu ya nyoka ni ya asili. Daktari hakupiga kelele kama ambavyo ningepiga mimi. Alimwambia kwamba mzizi huo si uongo: kuna watu unaowasaidia kulala na kupunguza wasiwasi, ukitumiwa kwa kiasi na kwa muda mfupi. Lakini kitu chenye nguvu ya kukulaza kina nguvu ya kukufanyia mengine pia. Kuna watu ambao ini lao limeumia baada ya kuutumia. Wajawazito wanaambiwa wasiuguse. Wenye ugonjwa wa tezi ya shingo wasijaribu bila daktari, na anayekunywa vidonge vya usingizi asichanganye.

"Sina uhakika kamili kwamba ni huo," alisema. "Tutauacha leo, tuone ini litasema nini."

Dada alipelekwa kupimwa. Shangazi alijifunika shuka usoni na hakulifunua hata mama alipomwita jina lake halisi, ambalo sikuwa nimewahi kumsikia akilitumia. Muuguzi aliyempeleka dada aliporudi kutuambia kwamba moyo wa mtoto unapiga vizuri na watamfuatilia kwa karibu, ndipo shuka lilipoanza kutetemeka.

Ini lilianza kutulia, taratibu. Siku ya kuruhusiwa, daktari alisema macho yatabaki njano kwa muda, apumzike nyumbani. Mama alimnunulia miwani myeusi. Shangazi aliitia mfukoni.

"Nyumbani siendi. Unga wangu umo ndani ya nyumba za watu."

"Wifi, subiri upone basi!"

"Nikipona nani ataniamini?"

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya muuza maziwa. Alitoka akifuta mikono, akafurahi. "Bi Pindo! Unga wako umenirudishia usingizi. Ukiutaka, sikupi ng'o."

Shangazi alimsogelea mpaka pua zao zikakaribia kugusana. "Niangalie macho."

Yule mama aliangalia. Mkono ulimwenda mdomoni. Aliingia ndani mbio akarudi na kifurushi cha buluu, kisha cha mumewe, kisha akasita na kutoa cha tatu, kidogo.

"Na hiki?" aliuliza Shangazi.

"Nilimgawia mama mkwe. Alisema naye halali."

"Huyo mimi sikumpima."

"Nilimkadiria. Nilimpa kidogo, na vidonge vyake vya usingizi."

"Yuko wapi?" Shangazi alifoka.

"Amelala."

"Mwamshe!"

Tuliingia sote. Bibi kizee alikurupuka, kilemba kimeenda upande. "Kafa nani?" alifoka. Shangazi hakumjibu. Alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani, akamwinua kope kwa kidole gumba, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akavuta pumzi ndefu. Jicho lilikuwa jeupe.

"Bado hakuna njano," alisema. "Kesho mpelekeni akapimwe." Akakusanya vifurushi vitatu, akatoka kwenda nyumba ya pili.