Maneno Ambayo Mama Hakuyasema

Picha ya mama yangu niliiona kwenye ukuta wa duka la vifaa vya sola, hapa Bariadi mjini, nilipokuwa natoka kununua nyuzi. Nashona nguo, nina kibanda karibu na soko, na njia ile napita karibu kila siku. Nilipita, nikasimama, nikarudi nyuma. Alikuwa yeye kabisa, kasimama mbele ya nyumba yake na kitenge cha njano, mkono mmoja kiunoni, paneli ikionekana juu ya bati. Lilikuwa bango kubwa la turubai. Chini ya miguu yake waliandika: “Tangu nifunge sola hii sijui giza ni nini. Nunua na wewe. Mimi nimethibitisha.”

Nakiri nilifurahi. Nilipiga picha bango kwa simu yangu, na Jumapili nilipokwenda kijijini kumsalimia nikamwonyesha.

Mama ni mjane, analima pamba na mahindi kama majirani zake wote. Seti ile ya sola aliinunua baada ya kuuza pamba. Fundi wa duka alipomaliza kufunga alimwomba asimame apigwe picha, akamwambia ni ya kumbukumbu ya kazi. Mama hakuona ubaya. Alikwenda kubadilisha kitenge, akasimama.

Alipoiona kwenye simu alicheka kidogo, akasema kumbe kitenge kile kinampendeza. Kisha akaniambia nimsomee maandishi. Nikasoma. Akasema nirudie.

“Nani kasema hayo?”

“Wewe, mama. Ndivyo walivyoandika.”

“Mimi nilimwambia fundi, taa inawaka vizuri, asante. Basi.” Akanirudishia simu. “Halafu giza mimi nalijua. Nimezaliwa humo.”

Nikamwambia asijisumbue, matangazo ndivyo yalivyo, kila mtu anajua ni maneno ya biashara.

“Kila mtu nani?” akauliza.

Baadaye nimelifikiria sana swali lake. Kwenye televisheni unaona mtu anacheka na sabuni mkononi, humjui na hutamjua, kwa hiyo humwamini wala humkatai. Huku kwetu mtu wa kwenye tangazo utakutana naye mashineni kusaga, au kanisani. Na mama yangu si mtu wa hivihivi pale kijijini. Watu wakigombana kuhusu mpaka wa shamba humwita aseme alichokiona, kwa sababu hukisema na kunyamaza, haongezi chumvi. Picha yake ukutani, kwa watu wanaomjua, haikuwa tangazo. Ilikuwa ushahidi.

Wakaanza kununua. Wa kwanza alikuwa jirani yake wa upande wa bondeni, rafiki yake wa miaka mingi. Yeye husali kwa Waprotestanti, mama ni Mkatoliki, lakini wakati wa kuvuna pamba wanasaidiana, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Wakafuata wengine. Wote walichukua seti za aina ileile kama ya mama, boksi la rangi ileile.

Mvua zilipoanza, taa zikaanza kufifia. Watu wakadhani ni mawingu. Jua likarudi, taa hazikurudi. Betri zilivimba kama mkate. Ya mama iliendelea kuwaka kama siku ya kwanza.

Nilikuwepo rafiki yake alipokuja. Alifika jioni na betri yake kwenye ndoo, akaiweka chini mlangoni.

“Mwadila, mayu,” akamsalimia mama kwa Kisukuma.

“Mwadila. Karibu.”

Hakukaa. Alitazama juu kwenye dari. “Yako bado inawaka?”

“Inawaka.”

“Yangu imekufa. Na za wale wengine.”

Mama akamuuliza kama alipewa waranti. Yule mama akatikisa kichwa. “Sikuuliza waranti. Nilikuona wewe.”

Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaacha. Kisha rafiki yake akasema, taratibu, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu, “Watu wanasema ya kwako ni tofauti. Wanasema walikupa nzuri bure ili useme.”

“Na wewe unasemaje?”

“Mimi nimesikia tu.”

Akabeba ndoo yake akaondoka. Wiki iliyofuata nilipokuja tena nilimkuta anakula kwa mwanga wa koroboi, taa ya sola imezimwa. Nikadhani nayo imekufa. Nikabonyeza swichi, nyumba nzima ikawa nyeupe.

“Zima,” akasema. “Inanisuta.”

Nilirudi mjini na hasira. Mteja wangu mmoja aliniambia kuna mama msaidizi wa kisheria anayesikiliza watu bure kwenye chumba kimoja nyuma ya ofisi za kata. Nikaenda. Alinisikiliza hadi mwisho, huku simu yake imelazwa kifudifudi mezani. Akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba picha ya mtu ni yake, na sheria inamlinda asitumiwe kwa biashara bila ridhaa yake. Kwamba mnunuzi wa kitu kibovu ana haki ya kurudisha au kubadilishiwa, na kile kibao kinachopigiliwa madukani, “bidhaa ikiuzwa hairudishwi”, hakifuti sheria hata kikiandikwa kwa herufi kubwa namna gani. Kwamba mama anaweza kulalamika na hata kudai fidia. Itachukua muda, akasema, lakini inawezekana.

Lile neno fidia liliniingia. Njiani nilishaanza kupanga bati jipya la jikoni. Nilimwelezea mama yote, nikimalizia na hilo kama mtu anayetoa zawadi.

Aliniangalia. “Fidia ya nini?”

“Ya picha yako, mama.”

“Wanasema nimelipwa. Sijalipwa. Nikipokea hiyo, nitakuwa nimelipwa kweli.”

Nikaona aibu, na bati la jikoni likaishia hapo.

“Unataka nini sasa?” nikamuuliza.

“Nataka maneno yale yatoke. Na hawa watu wapate taa.”

Siku ya mnada, mji ukiwa umejaa, alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu akiwa amevaa kitenge kilekile cha njano. Rafiki yake alikuwa nyuma yake kwenye bodaboda nyingine, amepakata ndoo. Sijui walizungumza nini huko kijijini hadi wakaja pamoja, na hakuna aliyenisimulia. Wenzao wengine walikuja kwa miguu, kila mmoja na betri yake, mwingine kwenye mfuko wa mbolea, mwingine kaifunga kwa kanga. Nilifunga kibanda nikafuatana nao.

Mama hakuingia dukani. Alisimama chini ya bango, pembeni ya picha yake, watu wakaanza kuangalia, mara picha juu, mara yeye chini. Mwanamume mmoja aliyekuwa anakagua boksi la taa pale mlangoni akamuuliza kwa Kisukuma kama ni yeye.

“Ni mimi,” akajibu. “Picha ni yangu. Maneno si yangu.”

“Kwa hiyo taa ni mbovu?”

“Yangu inawaka. Za hawa zimekufa. Hiyo uliyoshika siijui.”

Yule bwana akarudisha boksi mezani. Akaja mwingine, mama akamwambia hayohayo. Hakupaza sauti, hakumtukana mtu. Alijibu kila aliyeuliza, asiyeuliza akamwacha apite.

Mwenye duka akatoka. Namfahamu, sote tunamfahamu. Ni mtu wa Lamadi, kwao ni wauza samaki, alikuja Bariadi na duka dogo la vocha na likakua. Si mtu mbaya. Watoto wake nimewashonea sare.

“Mama, karibu ndani,” akasema. “Tuongee kwa utulivu. Soda ipo.”

“Nashukuru. Nitaongelea hapa, maana picha iko hapa.”

“Lakini taa yako si inawaka, mama? Mimi nimedanganya nini?”

“Umeandika nimethibitisha. Mimi nilithibitisha ya kwangu. Za hawa hata kuzigusa sijazigusa.”

Akageukia wale wenye betri, akawaonyesha kibao ukutani. Bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Rafiki yake mama ndiye aliyemjibu. “Hicho nimekisoma baada ya kununua. Picha niliiona kabla.”

Hapo nami nikasema. Nikataja sheria kama nilivyoelezwa, harakaharaka, maana si kazi yangu na watu walikuwa wengi. Nikamwambia picha ya mtu haiwekwi ukutani bila ridhaa, na kibao kile hakimwondolei mnunuzi haki yake.

“Dada yangu,” akasema, na wala hakuwa na dharau, alikuwa amechoka tu, “ukienda kwa sheria tutaonana mwakani. Nani kakwambia hayo?”

Nikamtajia ofisi niliyokwenda. Akatazama mlango wake, hakukuwa na mteja hata mmoja aliyeingia tangu mama asimame pale. Akatoa simu akampigia aliyemuuzia mzigo huko Mwanza, akazungumza naye kwa hasira, akizunguka nyuma ya duka ili tusisikie. Alipotoka alisema waache betri, atazibadilisha.

Nimejiuliza mara nyingi ni kipi kilichomgeuza. Ningependa kusema ni sheria, kwa sababu ndiyo niliyoibeba mimi. Lakini naona sheria ilikuwa mbali kidogo, kama mvua unayoisikia upande wa pili wa mlima, na mama alikuwa karibu, mlangoni pake, siku ya mnada. Hata hivyo, mama peke yake bila ile ofisi ya nyuma ya kata, pengine angepewa soda na kurudishwa nyumbani. Vyote viwili vilihitajika, na sijui kwa kipimo gani.

Alibadilisha kweli. Zile mpya zilikuwa za aina nyingine na bado zinawaka. Waliokuwa wameshatupa betri zao hawakupata kitu, na mmoja wao, mzee wa kule mlimani, hadi leo hamsalimii mama. Bango alilitoa mwenyewe, akapanda ngazi jioni ileile, akalikunja, akamkabidhi mama. Mama alienda nalo, akalitandaza chini ya mahindi yake kuyaanika, upande wa picha ukiwa chini.

Tulidhani yameisha. Miezi kadhaa baadaye binamu yangu aliyeolewa Bukundi akanitumia picha ileile kwenye simu. Ilikuwa inazunguka kwenye magrupu ya huko, na mtu mwingine kabisa, asiye na duka Bariadi, ameweka namba yake chini ya miguu ya mama. Turubai ulilikunja likakunjika. Hii ya kwenye simu utaipandia ngazi gani uishushe?

Mama aliniambia nirekodi sauti yake. Alikaa kwenye kigoda, akakohoa, akasema kwa Kisukuma na kisha kwa Kiswahili: “Mimi ndiye mama wa kwenye ile picha ya sola. Maneno yale sikuyasema. Taa niliyonunua mimi inawaka. Ya kwako siijui. Iwashe kwanza hapohapo dukani, uulize ikifa utairudisha wapi, utunze risiti.” Akaninyooshea kidole nizime.

Nikaituma. Ikatembea Nassa, ikatembea Kiloleli, ikaturudia kutoka kwa watu tusiowajua. Vijana wa pale senta wakawa wanamtania akipita, “Mayu, umethibitisha?” naye anawajibu, “Bado.” Kisha ikaja nyingine. Mtu alikuwa ameikata ile sauti, akaunganisha vipande viwili tu, “Mimi ndiye mama wa kwenye ile picha ya sola. Taa niliyonunua mimi inawaka,” akaweka na muziki, akaifanya tangazo.

Niliogopa kumsikilizisha. Alipoisikia akasema, “Hiyo kweli nimeisema.” Nikamuuliza turekodi nyingine. Akakataa. Akasema wataikata nayo, na anayetaka kujua nyumba yake inajulikana.

Nilidhani ni maneno ya kukata tamaa. Lakini watu wanakuja. Hawaji wengi, na wengi wao ni wa vijiji vya jirani, wanapiga hodi kabla hawajakwenda mjini kununua. Mama huwawashia taa yake, huwaeleza imekaa muda gani, huwaambia kilichowapata wenzake. Rafiki yake akiwepo, naye hueleza ya kwake, na siku hizi yupo mara nyingi. Ile taa mama aliacha kuizima, ingawa hakuniambia lini wala kwa nini.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake alipofika mtu na mkewe, wametokea mbali, viatu vimejaa vumbi. Waliketi, wakapewa maji, wakasalimiana kwa kirefu kama inavyotakiwa. Kisha mume akaeleza kwamba wanataka pampu ya sola ya kumwagilia bustani, wameona matangazo mengi kwenye simu, wakaambiwa wamuulize yeye.

“Pampu siijui,” mama akasema. “Sijawahi kuwa nayo.”

Wakatazamana. Mke akauliza, “Hata kuisikia?”

“Nimesikia. Kuna mama mmoja ng’ambo ya mto anayo. Muulizeni yeye.”

Hawakuonyesha kukasirika. Walimaliza maji, wakaaga, na mama akatoka nao hadi nje kuwaonyesha njia.